Mota Hulindwa na Mzunguko Wake

Pita kwa fundi yeyote wa kusuka mota, uangalie vilivyopangwa sakafuni: mota ya mashine ya kusaga, pampu ya kisima, feni ya dari, kinu cha kukoboa. Ukimuuliza vimekufaje, atakuambia vingi havikufa kwa uzee. Vimeungua. Na ukidadisi zaidi utasikia kwamba siku ya mwisho mota ilikuwa imewashwa lakini haizunguki, au inazunguka kwa kujikongoja, huku mwenyewe akisubiri ichangamke.

Hapo ndipo penye somo ambalo lingewaokolea watu wengi fedha. Fyuzi ina kazi yake na ubora wa kiwanda una nafasi yake, lakini mlinzi wa kwanza wa mota ni mzunguko wake wenyewe. Ikizunguka inavyotakiwa, inajizuia kula umeme kupita kiasi. Ikisimama huku umeme unaingia, inajichoma. Ukielewa kwa nini iko hivyo, utajua ununue jenereta ya ukubwa gani, utandaze waya wa unene gani kwenda kisimani, uzime friji wakati gani, na nani umkatalie fedha zako anapokuletea mashine ya "umeme wa bure".

Pande mbili za mashine moja

Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu nayo. Maana yake, waya wenye mkondo huwa na sumaku yake. Mwaka uliofuata, Michael Faraday wa London aliitumia nguvu hiyo kuufanya waya uizunguke sumaku mfululizo, maadamu betri ina chaji. Huo ndio mwanzo wa mota.

Mwaka 1831 Faraday huyo huyo akaupata upande wa pili. Ukisogeza sumaku ndani ya koili ya waya, umeme unazaliwa kwenye waya huo. Sumaku ikitulia, umeme unakoma, hata iwe sumaku kali namna gani. Lazima kuwe na mwendo: sumaku isogee mbele ya waya, au waya usogee mbele ya sumaku. Huo ndio mwanzo wa jenereta.

Kwa hiyo ukifungua mota, kisha ukafungua jenereta, utakuta vitu vya ukoo mmoja: waya wa shaba uliosukwa, chuma, na sumaku, iwe ya kudumu au ya kutengenezwa na umeme. Tofauti iko katika unachoingiza na unachokitoa. Kwenye maonyesho makubwa ya Vienna mwaka 1873, watu walishuhudia jenereta ya Zénobe Gramme ikiunganishwa kwa waya na jenereta nyingine iliyokuwa ikizungushwa. Ile ya kwanza ikaanza kuzunguka yenyewe na kufanya kazi, kama mota. Leo baadhi ya pikipiki za umeme zimeundwa kutumia pande zote mbili: ukipanda mlima mota inakula betri, na ukiteremka mota ile ile inageuka jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha sehemu ya chaji.

Kanuni haibadiliki hata mashine ikikua. Kwenye bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, kuna mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235. Maji yanazungusha sumaku mbele ya koili, umeme unazaliwa, unasafiri mamia ya kilomita, kisha unafika kwako na kuzungusha pampu. Mwendo umegeuka umeme, umeme umegeuka mwendo.

Ukinzani unaoweza kuushika mkononi

Tafuta mota ndogo yenye gia, kama ile inayofungua na kufunga mlango wa diski kwenye deki mbovu. Iondoe na uhakikishe nyaya zake mbili hazigusani, wala haina betri. Zungusha gia kwa vidole: inazunguka bila shida. Sasa zisokote zile nyaya mbili pamoja, shaba kwa shaba, uzungushe tena. Gia imekuwa nzito. Zitenganishe nyaya, wepesi unarudi.

Hujaongeza msuguano wowote. Kilichotokea ni hiki: ulipozungusha, mota iligeuka jenereta. Nyaya zilipogusana, umeme ukapata njia ya kupita. Ulipopita, ukatengeneza sumaku yake, na sumaku hiyo ikakupinga wewe unayezungusha. Heinrich Lenz aliieleza kanuni hii mwaka 1834: umeme unaozaliwa na mwendo huupinga mwendo uliouzaa. Waliowahi kuendesha baiskeli yenye dainamo ya taa wanaujua uzito huo miguuni.

Sasa geuza jambo lenyewe. Mota iliyounganishwa kwenye umeme wa nyumbani nayo inazunguka, na waya unaozunguka mbele ya sumaku unazaa umeme. Kwa hiyo ndani ya mota inayofanya kazi unazaliwa umeme unaousukuma nyuma ule unaoingia. Mota ikiwa kwenye kasi yake kamili, msukumo huo wa kupinga unakaribia kulingana na unaoingia, na mkondo unaobaki kupita ni mdogo, wa kutosha kazi iliyopo. Mota ikiwa imesimama, hakuna cha kupinga. Mkondo unaingia kwa wingi unaoweza kufika mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida.

Chukua pampu ya hospawa 1 kwenye umeme wa volti 230. Ikiwa inavuta maji vizuri, inakula kama ampia 5. Katika ile nukta ya kuwaka, inaweza kula ampia 30. Na joto ndani ya waya halipandi sawa na mkondo, bali kwa mraba wake: mkondo ukiwa mara 6, joto ni mara 36. Kwa muda mfupi wa kuwaka mota inahimili, kwa sababu inashika kasi upesi na kujipunguzia mkondo. Ikishindwa kushika kasi, joto hilo linaendelea, vanishi inayotenganisha waya na waya inaungua, na unasikia ile harufu ambayo kila fundi anaijua.

Umeme mdogo ni hatari kwa mota

Watu wengi huogopa umeme mkubwa, na wana haki. Lakini umeme mdogo nao unaunguza mota, tena polepole bila mwenyewe kujua. Nguvu ya mota ya kawaida ya kuzungusha mzigo hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, mota inabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu yake. Mzigo haujapungua. Mota inalegea, msukumo wa kupinga unapungua, mkondo unapanda. Taa ikipata umeme mdogo inafifia tu. Mota inapata joto.

Kwa hiyo ukiona taa zimefifia jioni, usiwashe pampu wala mashine. Zima na friji, maana kompresa yake ni mota pia. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, chomoa friji usubiri dakika 5. Gesi iliyobanwa ndani bado inasukuma, na kompresa ikijaribu kuanza dhidi ya shinikizo hilo inaweza kukwama. Kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kurudi ni cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa mpya.

Wakati mwingine umeme mdogo unautengeneza mwenyewe kwa waya mwembamba. Tuseme kisima kiko mita 60 kutoka nyumbani, nawe umetandaza waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 120, na ukinzani wake unakaribia omu 1.4. Pampu ikishakaa kwenye kasi na kula ampia 5, unapoteza kama volti 7, na hilo halina madhara. Lakini wakati wa kuwaka, kwa ampia 30, unapoteza volti 40 na zaidi njiani, katika wakati ambao pampu inahitaji nguvu kuliko wakati wowote. Tumia waya wa milimita za mraba 4 na hasara hiyo inashuka hadi kama volti 16. Usipime waya wa pampu kwa mkondo wa kawaida peke yake. Pima kwa mkondo wa kuwaka.

Ikinguruma bila kuzunguka

Hatua ya kwanza ni kuzima. Usisubiri, usiipige, usiisukume kwa kijiti. Ukishazima, tafuta sababu.

Kwenye feni na pampu ndogo za umeme wa njia moja (fezi moja), sababu ya kawaida ni kapasita. Umeme wa njia moja unasukuma sumaku mbele na nyuma bila kuizungusha, kwa hiyo mota inahitaji koili ya pili inayopata umeme kwa wakati tofauti kidogo. Kapasita ndiyo inayoleta tofauti hiyo. Ikifa, mota haijui izunguke upande gani, inanguruma tu. Nunua kapasita yenye thamani ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, na volti zisizopungua zile za mwanzo. Thamani kubwa zaidi haiongezi nguvu, inaongeza joto. Na kumbuka kwamba kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umechomolewa, kwa hiyo usiishike miguu yake kabla fundi hajaitoa chaji hiyo.

Kama kapasita ni nzima, zungusha shafti kwa mkono umeme ukiwa umechomolewa. Ikiwa nzito au inakwaruza, angalia beringi, au uchafu uliokwama kwenye pampu.

Kwa wenye mashine za kusaga zenye mota ya njia tatu, adui mkubwa ni njia moja kukatika. Mota iliyokuwa ikizunguka inaweza kuendelea kwa njia mbili, lakini kwa shida na kwa mkondo mkubwa. Ukiizima haiwezi kuanza tena, inanguruma. Weka kifaa kinachokata umeme njia moja ikikosekana, pamoja na ovaloadi iliyowekwa kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Ninawasihi wenye vinu: mtu akipandisha kipimo cha ovaloadi "ili isikatekate," msikubali. Inapokata inawaambia mzigo umezidi, au umeme ni mdogo, au beringi imechoka. Kuinyamazisha ni kuilipia mota kusukwa upya.

Kuna na jambo la usafi. Unga unaoruka kinuni hujaa kwenye mapezi ya mota na kuziba matundu ya feni yake ya nyuma. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba joto la koili likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya vanishi hupungua kwa nusu. Brashi kavu kila jioni, umeme ukiwa umezimwa, inaongeza miaka ya mota. Pampu nayo isizungushwe bila maji, kwa sababu maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili yake.

Ikilazimu kusuka upya, mwambie fundi ahesabu mizunguko ya waya wa zamani na apime unene wake kabla ya kuutupa, kisha arudishe hesabu ile ile kwa waya wa shaba. Mizunguko pungufu au waya mwembamba huifanya mota ipate joto tangu siku ya kwanza.

Kuchagua na kutunza jenereta

Jenereta ni upande wa pili wa habari hii hii. Ukiichomekea pasi, utasikia injini ikivuta pumzi na kuongeza mngurumo. Umeme unaoutumia unaipinga shafti, kama gia ilivyopinga vidole vyako, na injini inalazimika kuchoma petroli zaidi ili kasi isishuke. Wati unazotumia ndizo zinazoamua mafuta.

Soma maandishi kwa makini. Jenereta ya kVA 2.5 mara nyingi ni ya wati 2,000 za kazi. Pampu ya hospawa 1 ikishawaka inatosheka na wati 1,000 hivi, lakini wakati wa kuwaka inadai mara kadhaa ya hizo. Kanuni nyepesi ya kukadiria: chukua wati za mota kubwa uliyo nayo, zidisha kwa 3, kisha ongeza vifaa vingine. Washa mota kubwa kwanza, iache ishike kasi, ndipo uwashe taa na runinga. Ukifanya kinyume, mota inapowaka volti zinashuka kwa kila kitu kilichokwisha kuwashwa.

Usimruhusu mtu akaze gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, ili "jenereta iwe na nguvu." Jenereta nyingi ndogo zimeundwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo inayotoa hezi 50 tunazotumia. Dizeli nyingi kubwa huzunguka mara 1,500 kwa sababu zina jozi mbili za sumaku. Ukibadilisha kasi unabadilisha umeme wenyewe, na vifaa vyako ndivyo vitakavyoumia.

Jenereta iliyokaa muda mrefu inaweza kuwaka vizuri lakini isitoe umeme. Nyingi hutegemea mabaki madogo ya sumaku kwenye chuma cha rota ili kuanza kuzalisha, na mabaki hayo yanaweza kufifia. Fundi anaweza kuyarudisha kwa kuipa koili umeme wa betri kwa muda mfupi. Usikubali kubadilishiwa koili kabla hilo halijajaribiwa na brashi za kaboni hazijakaguliwa. Njia ya kulikwepa tatizo ni kuiwasha kila mwezi ikiwa na mzigo.

Palipo na uhai wa watu

Mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, usiwashe jenereta ndani ya nyumba, kwenye korido au stoo, hata milango ikiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala nayo asiamke. Iweke nje, mbali na madirisha.

La pili, usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Nimesema mota na jenereta hufanya kazi pande zote mbili. Transfoma ya mtaani nayo iko hivyo. Inashusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 kuja kwako, na ukiisukumia volti 230 kutoka nyumbani, inazipandisha hadi maelfu kwenye nyaya ambazo fundi aliyeko juu ya nguzo anaamini zimezimwa. Mlipe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, akufungie swichi ya kubadilisha inayotenganisha kabisa umeme wa shirika na wa jenereta.

Hakuna mashine inayojilisha

Kwenye simu zinazunguka video za mota inayozungusha jenereta, jenereta inayoilisha mota hiyo hiyo, na bado taa zinawaka. Kuna watu wanaoziuza kwa mamilioni, na wanunuzi wao ni wale wale waliochoka na gharama za mafuta. Rudi kwenye ile mota ndogo uliyoishika. Mara tu umeme unapotumika, shafti inakuwa nzito, na uzito huo lazima ulipwe na mkono, maji, upepo, mvuke au mafuta. Mota inapoteza sehemu kwa joto, jenereta inapoteza sehemu nyingine, mkanda nao unachukua chake. Mzunguko huo ukiachwa peke yake unasimama ndani ya muda mfupi. Video inayoonyesha vingine imeficha betri au waya. Fedha hizo zinunulie paneli ya sola.

La kufanya wiki hii

Tembelea kila mota uliyo nayo, usome kibati chake: volti, ampia, hezi, mizunguko kwa dakika. Viandike kwenye daftari moja. Mtafute fundi mwenye kipimo cha ampia cha kubana waya, apime kila mota ikiwa kazini, ulinganishe na kibati. Inayokula zaidi ya ilivyoandikwa inakuomba msaada mapema, wakati tiba bado ni beringi au kapasita. Kama una watoto shuleni, wape ile mota ya deki wazisokote nyaya zake na kuzitenganisha wenyewe, kwa sababu fizikia iliyopita vidoleni haisahauliki kwenye mtihani.

Na kila mtu wa nyumbani na kinuni ajue kanuni moja, hata asiyejua volti ni nini: mota iliyowashwa na haizunguki inazimwa papo hapo, ndipo maswali yaulizwe.